Faili Linakaa Wapi? Kuchagua Programu Huria ya Kushirikiana Mafaili Ofisini

Fundi wa kompyuta anapoitwa kwenye ofisi hapa Arusha akaambiwa kwamba wanataka "mfumo wa kushea mafaili", mara nyingi hutaja jina la programu aliyoizoea kabla hajauliza swali hata moja. Aliyesomea mitandao chuoni atasema Samba, aliyeshinda akitazama video za mafunzo atasema Nextcloud, na kijana asiyependa hata kidogo habari za seva (kompyuta inayozihudumia nyingine) atasema Syncthing. Mwenye ofisi akiwasikiliza wote watatu atachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa, kwa kuwa programu hizo zote, ambazo ni huria (msimbo wake uko wazi kwa umma), hunadiwa kwa jina moja la kushirikiana mafaili ilhali zinafanya kazi tatu zisizofanana. Kinachozitenganisha ni swali dogo ambalo kila fundi angepaswa kuanza nalo: faili lenyewe litakuwa linakaa wapi?

Ili maelezo yasielee hewani, nitachukua mfano wa ofisi moja ya kupokea watalii iliyoko Njiro, hapahapa Arusha, yenye watu tisa, pamoja na tawi lake la Moshi lenye watu wawili wanaowapokea wapanda mlima. Njiro kuna kompyuta za Windows za rika mbalimbali, Mac moja ya mtu wa matangazo, na mhasibu ambaye kompyuta yake ilishindwa kubeba Windows mpya ikawekewa Linux Mint, mfumo endeshi huria. Kabla ya hapo walikuwa wakitumia kile kinachotumika karibu kila mahali mjini: flashi inayozunguka meza hadi meza, pamoja na kile kirusi maarufu kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato, kundi la WhatsApp ambalo picha za madereva zikipita humo hubanwa hadi simba akabaki kama paka, na faili la bei lenye matoleo manne, la mwisho likiitwa "Bei mpya FINAL kweli".

Wangeweza kulipia wingu la kampuni ya nje, yaani hifadhi ya mafaili kupitia intaneti, na zipo ofisi ambazo hilo ndilo jibu zuri kwao. Hawa walikuwa na sababu mbili za kusita, mbali na ada ya kila mwezi inayohesabiwa kwa dola na kwa kila mtumiaji. Kwanza, mafaili yao mengi yanatoka meza moja kwenda meza ya pili ndani ya jengo lilelile, na kuyapeleka hadi Ulaya kisha kuyarudisha ni kulipia bando kwa safari isiyo ya lazima. Pili, hawakuwa wamesahau tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Siku kama ile, ofisi ambayo mafaili yake yako kwenye diski ya chumba cha pili inaendelea kuyafungua kama kawaida.

Folda moja, wafunguaji wengi

Jibu la kwanza la swali letu ni kwamba faili linakaa mahali pamoja tu, kwenye diski ya kompyuta moja, na wengine wote wanalifungua palepale lilipo kupitia mtandao wa ndani. Hiyo ndiyo kazi ya Samba. Itifaki (lugha ya mawasiliano) inayozungumzwa huitwa SMB; ilizaliwa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye Microsoft ikaifanya lugha ya Windows ya kushirikiana mafaili na printa. Kati ya mwaka 1991 na 1992 Andrew Tridgell, aliyekuwa akisoma chuo kikuu mjini Canberra, Australia, alichunguza pakiti zilizokuwa zikipita kwenye waya na kuandika programu ya Unix, mfumo endeshi ulio ukoo na Linux, inayoweza kujibu kwa lugha hiyohiyo. Jina alilipata baadaye kwa kutafuta, kwenye orodha ya maneno ya kamusi, neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Ngoma ya Brazili haihusiki.

Faida kubwa ya Samba ni kwamba watumiaji hawahitaji kufunga chochote. Windows inaizungumza lugha hiyo tangu zamani, Apple iliifanya kuwa njia yake kuu ya kushirikiana mafaili mwaka 2013, na Linux Mint ya mhasibu inaifungua kwa kubofya tu. Folda ya ofisi inaonekana kama diski nyingine ndani ya kompyuta ya kila mtu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa faili ni moja, Samba inaweza kulifunga kwa muda: mhasibu akiwa ndani ya faili la bei, mwenzake anayelifungua anaambiwa kwamba linatumika na kwamba anaweza kulisoma bila kulibadili. Ugonjwa wa "FINAL kweli" unatibiwa hapo, na kwa ofisi nyingi nilizoziona hiyo peke yake inatosha kulipia gharama ya fundi.

Taabu ya Samba iko kwenye ruhusa. Lalamiko ninaloitiwa mara nyingi kuliko yote ni la mtu anayeingia kwenye folda, anayaona mafaili, lakini akijaribu kuhifadhi anakataliwa. Sababu yake ni kwamba ombi lake linapita milango miwili: mlango wa Samba yenyewe, ulioandikwa kwenye faili la mipangilio, na mlango wa Linux, ambako kila faili lina mmiliki na kundi. Mlango mmoja ukikataa, mwingine hauwezi kumwingiza. Tena, faili lililoundwa na mtu wa mapokezi linakuwa mali yake, kwa hiyo msimamizi wa magari hawezi kulirekebisha hata kama folda ni ya wote. Dawa ni kuwaweka wafanyakazi wote kwenye kundi moja la Linux, kuifanya folda irithishe kundi hilo kwa kila faili jipya, na kuielekeza Samba itoe ruhusa ya kuandika kwa kundi zima. Kazi hiyo ni ya mistari minne au mitano, lakini asiyeijua huishia kuifungulia folda kwa kila mtu, jambo ambalo kwa folda yenye nakala za pasipoti za wageni halikubaliki.

Kuna mtego mwingine uliojitokeza karibuni. Mafundi wengi walizoea kuacha folda wazi bila neno la siri, kwa hoja kwamba ofisini watu wote wanajuana. Windows 11 toleo la 24H2 lilikuja na masharti mapya: linataka mazungumzo ya SMB yatiwe sahihi ya kidijitali, na toleo lake la Pro linakataa kuingia kama mgeni asiye na jina. Mgeni wa namna hiyo hawezi kutia sahihi, kwa hiyo kompyuta mpya inakataa seva ambayo za zamani zinaifungua bila shida. Ukitafuta msaada utakuta maelekezo ya kulegeza masharti hayo, na mengine mabaya zaidi yanayokuambia uwashe SMB toleo la kwanza. Toleo hilo ndilo kirusi cha WannaCry kilipitia mwezi Mei 2017 kufunga kompyuta za hospitali na viwanda duniani, na Samba yenyewe imelizima kwa kawaida tangu mwaka 2019. Njia sahihi ni fupi kuliko hizo za mkato: mpe kila mtu jina na neno lake la siri kwenye Samba, ukikumbuka kwamba neno hilo linawekwa peke yake na halirithi lile la Linux.

Kasi nayo ina sehemu yake, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Kadi ya kamera yenye picha za GB 32, ikipita kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa kebo) ya zamani ya megabiti 100 kwa sekunde, inachukua takriban dakika 45. Ikipita kwenye swichi ya gigabiti na kebo nzima, inachukua kama dakika tano, mradi diski iweze kuimudu. Kadi hiyohiyo ikipandishwa kwenye intaneti yenye kasi ya kupakia ya megabiti 5 inahitaji saa 14 na ushei. Kabla ya kubishana juu ya programu, basi, inafaa kuitazama swichi iliyojificha nyuma ya kabati.

Ndugu wengine wa familia hii nitawapita haraka. NFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984, ni nyepesi na nzuri kati ya mashine za Linux, ila katika mpangilio wake wa kawaida inaiamini kompyuta kuliko mtu aliyekaa mbele yake, na kwenye Windows inasumbua. SFTP inakuja bure na seva yoyote yenye SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) na inamfaa mtu mmoja mwenye ujuzi; kumfundisha mtu wa mapokezi kuitumia kila siku ni kumwonea. Kwa kurushiana faili moja kati ya simu na kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi moja kuna LocalSend, ambayo haihitaji seva wala akaunti, na ningependa kila mwenye flashi aijue.

Samba ina mpaka mmoja ulio wazi: haivuki barabara vizuri. Watu wa Moshi wako kilomita 80 hivi kutoka Njiro, na SMB inauliza na kujibu maswali mengi madogo kwa kila faili linalofunguliwa, kwa hiyo kila ucheleweshaji wa njia unajizidisha. Kufungua lango namba 445, ambalo SMB hupitia, kwenye rauta ili Moshi waingie moja kwa moja ni jambo ambalo halifai kufanywa hata kwa majaribio ya jioni moja, kwa sababu mitambo inayozunguka intaneti ikitafuta lango hilo haisubiri hadi asubuhi.

Kila mtu na nakala yake

Jibu la pili ni kwamba faili linakaa kila mahali. Syncthing, iliyoanzishwa na Msweden Jakob Borg na kutolewa hadharani mwishoni mwa mwaka 2013, haina seva. Kila kompyuta inakuwa na folda yake kamili, na kazi ya programu ni kulandanisha folda hizo, yaani kuhakikisha kwamba badiliko lililofanywa huku linafika kule. Kila kifaa kina kitambulisho kirefu kinachotokana na cheti chake cha usimbaji (kuificha data kwa ufunguo), na vifaa viwili havizungumzi mpaka kila upande umkubali mwenzake. Faili hukatwa vipande, na kinachosafiri ni vile vipande vilivyobadilika tu, jambo lenye maana sana kwa mtu anayehesabu bando. Vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja wa ndani hutafutana vyenyewe na kupeana mafaili bila kugusa intaneti. Vilivyo mbali hujaribu kuunganishwa moja kwa moja, na njia ikishindikana data hupitia seva za kupokezana zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ambazo haziwezi kuisoma kwa kuwa imesimbwa, ingawa kwa kasi ndogo zaidi.

Kwa tawi la Moshi hii ni nafuu kubwa. Mafaili yako kwenye kompyuta yao, yanafunguka papo hapo hata intaneti ikiwa imekata, na ikirudi yanajisawazisha. Ila kuna sharti moja ambalo watu hulisahau, nalo ni kwamba vifaa viwili lazima viwe vimewashwa kwa wakati mmoja. Moshi wakifunga saa kumi jioni na Njiro wakiwasha kompyuta yenye folda hiyo usiku tu, hawatakutana kamwe. Ndiyo maana inafaa kuwe na kifaa kimoja kidogo kisichozimwa, kikae katikati kama mtunza ufunguo wa ghala.

Mambo mawili yanahitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo yanayowaliza watu.

La kwanza ni mgongano. Kwa kuwa nakala ni nyingi, hakuna wa kulifunga faili. Mtu wa Njiro na wa Moshi wakirekebisha faili lilelile kabla mabadiliko hayajakutana, Syncthing haiwezi kujua nani yuko sahihi. Inaliacha lenye saa mpya zaidi ya kurekebishwa, na lile jingine inalipa jina lenye maneno "sync-conflict" pamoja na tarehe. Hakuna kinachopotea, lakini mtu lazima ayasome yote mawili. Hapa ndipo kompyuta kuukuu zinapoleta kichekesho: betri ndogo ya saa kwenye ubao mama ikifa, kompyuta ikizimika umeme huamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na kazi ya leo ikahukumiwa kuwa ya kale. Betri hiyo ya mviringo ni ya bei ndogo dukani na inabadilishwa kwa bisibisi. Kwa sababu hiyohiyo ya mgongano, usiweke kwenye Syncthing faili la programu ya uhasibu linalofunguliwa na watu wawili. Hilo ni hifadhidata, na nakala zake mbili zilizoachana haziwezi kushonwa tena.

La pili ni kufuta. Ofisi moja mjini iliunganisha simu za madereva na kompyuta ya ofisini, ili dereva akirudi kutoka Serengeti na kushika Wi-Fi picha zishuke zenyewe. Mpango ulikwenda vizuri mpaka dereva mmoja, akitafuta nafasi kwenye simu, akafuta picha za miezi mitatu, na Syncthing ikatii kwa uaminifu ikazifuta na ofisini. Programu ina utaratibu wa kuhifadhi matoleo ya zamani, lakini haujiwashi, na una tabia ambayo wengi hawaitegemei: unahifadhi kile kinachobadilishwa au kufutwa na kifaa kingine. Ukifuta mwenyewe kwenye kompyuta yako, matoleo ya zamani hayabaki kwako, yanabaki kwa wenzako waliouwasha. Kwa hiyo uwashwe kwenye kile kifaa cha katikati kisichozimwa, na picha za simu zinakiliwe kila usiku kwenda folda nyingine ambayo simu haiifikii.

Kuna na suala la majina. Linux inaona "Picha" na "picha" kuwa folda mbili, Windows inaziona kuwa moja. Na Windows haikubali nukta pacha, alama ya kuuliza wala nyota kwenye jina la faili. Faili aliloliita mhasibu "Malipo: Julai" litakaa salama kwenye Linux Mint yake na halitafika kwa wenzake.

Kuhusu simu, wenye Android wajue kwamba programu rasmi ya Syncthing ya Android ilisitishwa Desemba 2024, na watu wengine wakaendeleza tawi lake liitwalo Syncthing-Fork. Tukio hilo linaonyesha maana halisi ya neno huria kuliko hotuba yoyote: mwenye kazi alichoka, msimbo ulikuwa mikononi mwa umma chini ya leseni inayoruhusu, na kazi ikaendelea kwa jina lingine. Uhuru huo hauna mkataba wa kukuhudumia. Unampa mtu mwingine nafasi ya kuchukua jembe.

Wingu la kwako

Jibu la tatu ni kwamba faili linakaa kwenye seva, na watu wanalifikia kwa akaunti kupitia kivinjari, simu au programu ya kompyuta inayoshusha nakala. Frank Karlitschek, Mjerumani, alianzisha mradi wa ownCloud mwaka 2010. Mwaka 2016 yeye na baadhi ya wenzake wakaondoka na kuanzisha Nextcloud kutokana na msimbo uleule. Leo Nextcloud ndiyo inayosikika zaidi, wakati ownCloud ilijiandika upya kwa lugha ya programu iitwayo Go katika toleo linaloitwa Infinite Scale, ambalo linafanya kazi bila hifadhidata.

Nextcloud ina jambo moja ambalo Samba na Syncthing haziwezi kulifanya, nalo ni kumpa mtu wa nje. Mgeni aliyerudi Hamburg anatumiwa kiungo cha picha zake chenye neno la siri na tarehe ya kuisha, anapakua, na kiungo kinakufa. Pia ukiiongezea Collabora au OnlyOffice, watu wawili wanaweza kuandika hati moja kwa pamoja ndani ya kivinjari, hata mmoja akiwa Njiro na mwingine Moshi. Kama kazi yenu ni hiyo, msihangaike na kitu kingine.

Lakini mara nyingi Nextcloud inapendekezwa kwa ofisi ambazo hazihitaji lolote kati ya hayo, na gharama yake haisemwi. Ndani yake kuna seva ya wavuti, PHP (lugha iliyoandikiwa programu hiyo) na hifadhidata, na kila kimoja kina siku yake ya kuugua. Toleo kubwa linahudumiwa kwa takriban mwaka mmoja, na huruhusiwi kuruka toleo wakati wa kupandisha. Aliyelala miaka mitatu atapanda ngazi zote moja baada ya nyingine. Nakala akiba lazima ichukue mafaili na hifadhidata kwa pamoja, maana ukirudisha kimoja bila kingine, seva itakumbuka mafaili yasiyokuwepo. Na ukiyatia mafaili moja kwa moja kwenye diski ya seva, Nextcloud haiyaoni mpaka uiamuru ikague upya. Ofisi isiyo na mtu wa kuifungua seva hiyo walau mara moja kwa mwezi haipaswi kuwa nayo.

Seafile, iliyoanzia China, ni nyepesi zaidi na hodari kwa folda zenye mafaili mengi, kwa kuwa nayo hukata faili vipande na kusafirisha vilivyobadilika. Inahifadhi vipande hivyo kwa mpangilio wake wenyewe: ukiichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine hutaona hati wala picha, utaona vipande visivyo na majina, na itabidi utumie zana yake ya kuvitoa. Binafsi hilo linanikosesha usingizi. Diski ya Samba au ya Syncthing nikiichomoa leo, hata mtu asiyejua lolote kuhusu programu hizo anaweza kuyasoma mafaili.

Barabara ya kutoka nje

Hapa ndipo mafunzo mengi ya mtandaoni, yaliyoandikwa na watu wenye intaneti ya nyaya majumbani mwao Ujerumani au Marekani, yanapomwacha msomaji wa Arusha njiani. Yanadhani rauta yako ina anwani ya intaneti iliyo yako peke yako. Intaneti ya mitandao ya simu kwa kawaida inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata ukifungua lango kwenye rauta yako, anayegonga kutoka nje hakuoni. Unaweza kuiomba kampuni ya intaneti anwani maalumu kwa malipo ya ziada, au ukakodi seva ndogo nje na kuifanya kituo cha kukutania.

Katika njia hii ya pili WireGuard ni chombo kizuri mno. Iliandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6, Machi 2020. Njiro wanapiga simu ya siri kwenda kwenye seva hiyo, Moshi nao wanapiga, na kompyuta zao zinaonana kama ziko chumba kimoja. Tailscale inarahisisha mpango huohuo, ingawa seva yake ya uratibu si huria; Headscale ndiyo mbadala huria wa sehemu hiyo. Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN (njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti) watoe taarifa zao, na njia hizi ni VPN. Ofisi yenye leseni ya utalii ukutani haina sababu ya kuliacha jambo hilo likining'inia.

Kisheria kuna lingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na folda ya pasipoti za wageni ni taarifa binafsi kwa kila hali. Kuiweka kwenye diski yako mwenyewe hakukuondolei wajibu. Kunauhamishia kwako wote, pamoja na swali la nani anaiona na lini inafutwa.

Umeme

Seva ya Njiro ni kompyuta mpakato ya zamani iliyopasuka kioo. Niliichagua makusudi, kwa kuwa betri yake ni kinga ya umeme iliyokuja bure: umeme ukikatika inaendelea kwa saa nzima, na swichi na rauta zimeunganishwa kwenye kifaa kidogo cha akiba. Iliwekewa amri ya kutolala mfuniko ukifungwa. Kwa kompyuta ya mezani, ingebidi kuingia kwenye mipangilio ya ubao mama na kuiambia ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, la sivyo kila asubuhi kuna mtu anatafutwa.

Kusimba diski nzima kulileta mvutano. Kunailinda folda ya pasipoti endapo mashine itaibwa, lakini kila inapojiwasha inasubiri neno la siri, na usiku umeme ukikatika kwa muda mrefu itasubiri hadi asubuhi. Tuliamua kusimba sehemu yenye pasipoti peke yake. Picha na ratiba zinaamka zenyewe.

Nakala akiba ni jambo la nje ya programu zote hizi. Samba ikifutiwa faili, limefutika. Syncthing inasambaza kosa. Nextcloud ina pipa la taka ambalo hujimwaga. Kila usiku programu ya nakala akiba iitwayo restic inachukua mabadiliko ya siku na kuyaweka, yakiwa yamesimbwa, kwenye diski ya nje, na kuna diski mbili zinazopokezana kila Ijumaa, moja ikienda nyumbani kwa mhasibu. Ya kwanza tuliyoinunua ilikuja na mpangilio wa FAT32, usiokubali faili linalofika GB 4, na video za droni tulizojaribu kuzinakili humo kwa mkono zilikataa mpaka tulipoipanga upya.

Hivyo Njiro wana Samba kwa kazi za ndani, na Syncthing inalandanisha folda mbili tu kwa kwenda na kurudi na Moshi: ratiba na orodha ya wapagazi. Bei zinabaki kwenye Samba, na watu wa Moshi wanapata kwa Syncthing nakala ambayo mabadiliko yake hayarudi Njiro, kwa kuwa folda hiyo imewekwa itume bila kupokea. Picha za wageni bado zinatumwa kwa kiungo cha wingu la kampuni ya nje, toleo la bure, kwa sababu ni wageni wachache kwa wiki na hakuna aliyekubali kuwa mlezi wa Nextcloud. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi mhasibu anachagua faili moja kwa kubahatisha, analitoa kwenye diski ya akiba, analifungua, na kuandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya seva. Mwezi uliopita aliandika tarehe na kando yake neno "limefunguka", kwa kalamu nyekundu.